Uigaji wa Mitandao ya Fedha za Miundombinu: Mfano wa Soko la Toi, Nairobi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vielelezo vya uigaji vinavyotumiwa kupima iwapo mitandao ya fedha za serikali, yaani zile fedha zinazojenga na kukarabati barabara, mitaro, vyoo na masoko, inaweza kuendelea kufanya kazi inapokumbwa na misukosuko. Mada hii huzungumzwa zaidi katika idara za uchumi na uhandisi, tena kwa Kiingereza. Inaletwa katika ukumbi wa Kiswahili kwa sababu iliyo wazi: watu ambao mali zao huteketea pale mitandao hiyo inapokatika huzungumza Kiswahili, na istilahi watakayopewa kuelezea hasara yao ina uzito wake. Kama itakavyobainika, neno moja tu likiteuliwa vibaya laweza kumtwika mwenye hasara mzigo usiokuwa wake.

Soko linalochukuliwa kuwa mfano ni Toi. Liko ukingoni mwa Kibera, upande wa Makina, si mbali na Barabara ya Ngong, na wateja wake hutoka Kibera kwenyewe, Kawangware, Dagoretti na hata mitaa ya wenye nafasi ya Kilimani na Woodley. Nguo na viatu vya mitumba ndivyo vilivyolipa sifa, ingawa mboga, vyombo vya nyumbani na vyakula vilivyopikwa havikosekani. Vibanda vingi ni vya mbao na mabati, vimesongamana, na vijia vya kupitia ni vyembamba. Soko hili liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Alfajiri ya tarehe 15 Juni 2024 liliungua tena, na watu wanne wakapoteza maisha.

Uigaji si simulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapolisikia kwa mara ya kwanza neno la Kiingereza linalotajwa katika taaluma hii, huenda akadhani lina undugu na simulizi, lile la fasihi simulizi. Hakuna undugu. Sauti zimegongana tu. Neno la Kilatini ambamo istilahi hiyo ilichipuka linahusu kufanana na kuiga, nalo simulizi letu linatokana na kusimulia. Kwa hiyo makala haya yanatumia uigaji, na yanaepuka uigizaji, kwa kuwa neno hili la pili limekwisha kuchukuliwa na jukwaa la tamthilia.

Hata hivyo, msomi wa tamthilia yuko karibu na dhana hii kuliko anavyofikiri. Kithaka wa Mberia alipoandika Kifo Kisimani (2001) alibuni nchi iitwayo Butangi. Butangi haimo katika ramani yoyote, lakini mtunzi akishaweka humo mtawala wa aina fulani na raia wa aina fulani, matukio hayawezi kwenda ovyo. Hufuata tabia za wahusika. Kielelezo cha uigaji hufanya vivyo hivyo kwa tarakimu. Mtafiti hubuni kijinchi kidogo ndani ya tarakilishi, akaweka humo kanuni chache, akakiacha kiende, kisha akatazama. Tofauti ni kwamba mtunzi huandika mkasa mmoja, ilhali mtafiti huurudia mkasa uleule mara elfu moja au zaidi, kila mara akibadilisha bahati kidogo, ili aone ni mara ngapi kisima kinakauka.

Mbinu ya kurudia namna hii ilibuniwa mwaka 1946 na Stanislaw Ulam, mwanahisabati aliyekuwa akijipumbaza kwa karata alipokuwa akipata nafuu ya ugonjwa. Alijiuliza ni mara ngapi karata zingekubali. Alipoona hesabu ya kalamu ni ngumu mno, akawaza kwamba njia rahisi ni kucheza mara mia moja na kuhesabu. Yeye na John von Neumann waliiendeleza mbinu hiyo huko Los Alamos, ikapewa jina la Monte Carlo, mji wa Monako wenye jumba mashuhuri la kamari. Na si lazima iwe kwa mashine. Thomas Schelling, katika makala yake ya mwaka 1971 kuhusu namna watu wanavyojitenga mitaani, alitumia sarafu na karatasi yenye miraba. Kwa ufupi, umaskini wa vifaa si kisingizio.

Kete zinavyolala

Tuuchukue mchezo wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji akichota kete katika shimo moja huzisambaza moja moja katika mashimo yanayofuata, na hodari ni yule anayeona mbele: nikianzia hapa, kete zitakomea wapi, na zitalala kwa nani? Mtandao wa fedha za miundombinu ni bao kubwa lenye mashimo yenye majina. Wataalamu huyaita mashimo hayo vifundo, na njia za kutoka shimo hadi shimo huitwa viungo.

Chini ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, hupewa kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Fedha hutoka Hazina ya Taifa kwa ratiba iliyoidhinishwa na Seneti, zikaingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Humo hazitoki mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Zikishatoka, idara ya fedha ya kaunti humlipa mkandarasi, naye mkandarasi ndiye anayefika sokoni na saruji, mabomba au taa. Mfanyabiashara wa Toi yuko katika shimo la mwisho kabisa. Haoni mashimo ya nyuma. Anachokiona ni mtaro ulioziba.

Sasa tuchukulie, kwa ajili ya maelezo tu, kwamba kuna malango manne: Hazina, Msimamizi, idara ya kaunti na mkandarasi, na kwamba kila lango hufunguka kwa wakati mara 9 katika kila 10. Hiyo ni sifa njema; ofisi nyingi zingeionea fahari. Msomaji anaweza kulifanya jaribio hili mezani pake. Atie vikaratasi kumi mfukoni, tisa vimeandikwa "ndiyo" na kimoja "hapana". Achote, arudishe, achote tena, mara nne. "Hapana" ikitokea hata mara moja, kazi ya sokoni imechelewa. Akirudia zoezi hilo mara mia moja, ataona fedha zinafika kwa wakati takriban mara 66. Malango manne mema yamezaa njia moja mbovu, maana katika kila miradi mitatu, mmoja umechelewa na hakuna mtu yeyote wa kulaumiwa.

Hapo ndipo mpangaji husema: basi tuongeze njia ya pili. Na kweli njia nyingine zipo. Ipo Hazina ya Ustawishaji wa Maeneobunge, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na upo ushuru wa mafuta unaokusanywa kwa ajili ya ukarabati wa barabara. Tukiwa na njia mbili za malango manne kila moja, zisizohusiana hata kidogo, kukwama kwa zote mbili kwa pamoja kunashuka hadi takriban mara 12 katika mia. Mpangaji anafurahi. Lakini asisahau kwamba lango la kwanza la njia hizo mbili ni lilelile la Hazina ya Taifa. Akisahihisha mchoro wake ili lango hilo lihesabiwe mara moja tu, kukwama kunapanda hadi mara 17 au karibu na hapo. Hata akiongeza njia kumi, hawezi kushuka chini ya mara 10 katika mia, kwa sababu chemchemi ni moja. Hili ndilo jambo ambalo uigaji hulionyesha vizuri kuliko hotuba: wingi wa mifereji si wingi wa chemchemi.

Ucheleweshaji wenyewe si wa kubuni. Mwaka 2019 Bunge la Kitaifa na Seneti zilivutana kuhusu mgao wa kaunti, moja ikishikilia shilingi bilioni 316.5 na nyingine bilioni 335. Mwaka wa fedha ulianza tarehe 1 Julai, mzozo ukaisha Septemba, na kiasi kilichopitishwa kikawa kile cha bilioni 316.5. Mwaka uliofuata, kiasi hakikuwa na shida. Kilichogombaniwa ni kigezo cha kugawana, nao pia ukaisha Septemba. Miaka miwili mfululizo, basi, lango la kwanza lilibana kwa zaidi ya miezi miwili. Mtafiti anayetaka kukadiria vikaratasi vyake vya "hapana" anazo hapo tarehe halisi za kuanzia, na hana haja ya kukisia.

Misukosuko inayokuja pamoja

Vikaratasi vya mfukoni vina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba kila mchoto hausikii mchoto uliotangulia. Duniani mambo hayaendi hivyo. Mwaka 2024 unatosha kuwa ushahidi. Moto wa Toi ulitokea tarehe 15 Juni, zikiwa zimebaki wiki mbili tu mwaka wa fedha ufungwe. Siku kumi baadaye, tarehe 25 Juni, vijana waliandamana Nairobi na miji mingine kuupinga Mswada wa Fedha, watu wakauawa, na waandamanaji wakaingia Bungeni. Tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mapato yaliyotarajiwa kutokana na mswada huo yakawa hayapo tena. Mgao wa kaunti uliokuwa umepangwa kuwa shilingi bilioni 400.1 ukarudishwa mezani, mabunge mawili yakavutana tena, na hatimaye ukateremshwa hadi bilioni 387.4.

Makala haya hayajaribu kuamua kama maandamano yalikuwa sahihi au la. Hilo lina wenyewe. Kinachohusika hapa ni kwamba soko lilihitaji fedha za dharura katika wiki zilezile ambazo chemchemi ya fedha ilikuwa ikitikisika. Kielelezo kinachoujaribu moto peke yake, kisha kikaujaribu upungufu wa mapato peke yake, kingelitoa majibu mawili ya kutia moyo, na yote mawili yangekuwa ya uongo. Baada ya uchaguzi wa 2007 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu moto na kuyumba kwa serikali vilikuwa na chanzo kimoja. Kilichochoma vibanda ndicho kilichofunga ofisi.

Kuna na jambo la vifundo kufa. Aliyechora mtandao mwaka 2007 angeweka Baraza la Jiji la Nairobi, na angechora mshale wa Hazina ya Uhawilishaji kwa Serikali za Mitaa, iliyoundwa kwa sheria ya 1998 na kugawa asilimia 5 ya kodi ya mapato. Vyote viwili havipo tena. Kati ya mwaka 2020 na 2022 sehemu ya kazi za kaunti ya Nairobi zilishikwa na Idara ya Huduma za Jiji Kuu, nayo ikavunjwa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya hazina ya maeneobunge ya mwaka 2015 inakiuka Katiba, ikatoa muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Kwa hiyo si fedha tu zinazohama ndani ya mashimo. Mashimo yenyewe huzibwa na mengine kuchimbwa. Bao la namna hiyo hata fundi wa Lamu lingemtoa jasho.

Mishale isiyochorwa

Soko la Toi lilijengwa tena baada ya ghasia za mwaka 2008. Anayetazama mchoro rasmi wa wakati huo ataona vigumu kueleza lilivyojengwa, maana mishale iliyofika haikupitia Hazina. Jamii Bora, shirika la mikopo midogo lililoanzishwa mwaka 1999 na Ingrid Munro pamoja na akina mama 50 waliokuwa ombaomba, lilishiriki katika kulijenga upya. Vilikuwapo pia vikundi vya akiba vilivyofungamana na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza mwaka 1996, ambavyo desturi yao ni kuweka akiba kidogo kidogo na kuwahesabu wanachama wenyewe. Mahali ambapo hakuna hati za umiliki, orodha ya nani alikuwa na kibanda wapi ni mali kubwa kuliko mabati. Pasipo orodha, kila anayerudi baada ya moto huwa na madai, na wenye nguvu ndio hushinda.

Hoja hii haimaanishi kwamba vikundi vya akiba vinatosha kuwa badala ya serikali. Chama hakiwezi kupanua njia ya gari la zimamoto, wala hakiwezi kuchimba mtaro mkuu. Mhandisi anayeviacha nje ya mchoro wake, hata hivyo, hupata makosa ya aina mbili kwa mpigo. Hudhani soko halitasimama tena, na linaposimama huhitimisha kwamba fedha za serikali zilifanya kazi.

Vifundo hivyo navyo hubadilika. Mwaka 2010 Jamii Bora iliinunua City Finance Bank, ikazaliwa Jamii Bora Bank. Mwaka 2020 Benki ya Ushirika ilinunua asilimia 90 ya hisa zake, na jina likawa Kingdom Bank. Kwa mwenye kielelezo, hili si jambo la historia ya mabenki tu. Mshale uliokuwapo mwaka 2008 haukuwapo kwa umbo lilelile mwaka 2024. Aliyeusadiki ule wa zamani angeutegemea msaada wa mlango uliokwisha kubadilishwa kufuli.

Ustahimilivu wa nani?

Tumefika sasa katika neno ambalo lilitajwa mwanzoni. Sifa inayopimwa na vielelezo hivi huitwa kwa kawaida ustahimilivu. Neno lenyewe ni zuri na limeenea. Tatizo lake ni kwamba katika Kiswahili anayestahimili ni mtu, tena mtu anayeumia. Mstahimilivu husifiwa kwa kunyamaza. Mvumilivu, kwa mujibu wa methali, atakula mbivu. Mhandisi anapozungumzia sifa hii hana habari na maadili. Anauliza jambo moja: kitu kikipigwa, kinarudi katika kazi yake baada ya muda gani, na kwa kiwango gani? Kitu hicho ni mtandao, si mama muuza viatu.

Tukisema "Toi ni soko stahimilivu", msikilizaji wa kawaida atasikia sifa ya wafanyabiashara. Atasikia kwamba wamezoea, wana moyo mgumu, waliunguliwa mara hii na mara ile wakajikung'uta majivu. Yote hayo huenda ni kweli. Lakini kwa kusema hivyo mtandao wa fedha umetoka kimyakimya katika kiti cha mshtakiwa, na waliounguliwa wamekalishwa mahali pake, hata kama ni kwa makofi. Wanafunzi wa semantiki watalitambua tatizo hili: uhamisho wa mtendwa kuwa mtenda.

Pendekezo la makala haya ni kutumia unyumbufu pale inapozungumziwa mifumo, na kuuacha ustahimilivu kwa binadamu. Kunyumbuka ni sifa ya fimbo, ya upinde, ya kitu kinachopindwa kikarudi. Hakuna anayeusifu upinde kwa subira. Mtandao usionyumbuka ukisemwa hivyo, lawama inabaki ilipo. Wapo watakaopinga kwa hoja kwamba unyumbufu umekwisha kutumiwa katika sarufi, kwa mnyumbuliko wa vitenzi. Hoja hiyo ina nguvu, ila haitoshi. Mzizi umekwisha kuwatosha wanasarufi na wafumaji vikapu pamoja, na utawatosha wahandisi pia.

Jambo hili lina sura ya kisheria. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi na ushirikishwaji wa umma katika masuala ya fedha, na Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mfanyabiashara wa Toi anayeitwa kwenye kikao cha bajeti ya kaunti akapewa karatasi yenye michoro na istilahi za Kiingereza ameshirikishwa kwa jina tu. Hawezi kusema, "Mshale huu haupo," au, "Hapa mmesahau chama chetu." Naye ndiye pekee mwenye kuijua mishale ya mwisho, ile ya kutoka kwa mkandarasi hadi mtaroni, ambayo hakuna tarakilishi inayoiona. Kielelezo kisichosahihishwa na mtu wa shimo la mwisho hubaki na makosa yake hadi moto uyafichue.

Lipo swali moja ambalo wafanyabiashara wangeweza kulijibu vizuri kuliko mtaalamu yeyote, na ambalo hubadilisha matokeo yote ya uigaji: soko huhesabiwa kuwa limerudi lini? Mpangaji wa jiji hupenda kuhesabu siku vibanda vinapofunguliwa. Kwa kipimo hicho soko la mitumba hurudi upesi, kwa kuwa mbao na mabati husimamishwa kwa siku chache. Mwenye kibanda huwa amekopa ili anunue robota jipya, na mara nyingi bado anadaiwa lile lililoungua. Kwake soko limerudi siku deni la robota lililoungua linapoisha kulipwa. Siku hizo mbili zinaweza kutengana kwa miezi mingi, na kama mtaro haujachimbwa wala njia ya zimamoto kupanuliwa katika muda huo wote, moto wa pili unaweza kufika kabla ya siku ile ya pili.